Shajara ya mradi: kuifungua fosforasi iliyofungwa kwenye udongo mwekundu wa Njombe

14 Septemba 2023: tulipoanzia

Misimu miwili mfululizo mahindi yangu yamegeuka zambarau yakifika majani manne au matano. Rangi huanzia ncha na kingo, ikisambaa jani zima, kisha mmea unadumaa. Nimeongeza yurea, haikusaidia kitu. Shamba lina ekari moja, liko nje kidogo ya mji wa Njombe, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake ni ule mwekundu unaonata kwenye jembe mvua ikinyesha.

Mzee jirani yangu, aliyelima hapa kabla sijazaliwa, aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni baridi tu. Ikipita, mahindi yanarudi." Hajakosea. Baridi ikikaza, mizizi michanga hushindwa kuchukua fosforasi na rangi hiyo hiyo hutokea. Lakini bustani ya nyuma ya nyumba, tunakomwaga majivu na samadi, inapigwa na baridi ile ile na mahindi yake ni ya kijani. Kwa hiyo kuna jambo jingine udongoni.

Nilipeleka udongo maabara. Majibu: pH 4.9 (yaani udongo mchachu sana), fosforasi inayopatikana miligramu 3 kwa kilo ya udongo kwa njia ya Bray, mojawapo ya njia za maabara za kuipima. Chini ya majibu kulikuwa na sentensi moja ya ushauri: weka chokaa na mbolea yenye fosforasi. Mbolea ipi, iwekwe wapi, kipi kitangulie, hakuna.

Nafundisha kemia, na sentensi hiyo imenikera. Fosforasi si kitu kimoja ndani ya udongo. Udongo kama huu waweza kuwa na mamia ya miligramu za fosforasi kwa kilo, na bado mahindi yakafa njaa. Mmea hunyonya fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni) iliyoyeyuka majini tu, na kwenye udongo mchachu sehemu kubwa yake huwa H₂PO₄⁻. Ukishapita pH 7.2, HPO₄²⁻ ndiyo inayotawala. Hiyo iliyoyeyuka ni kidogo mno. Nyingine imeng'ang'ania juu ya oksidi za chuma na alumini (wekundu wa udongo wetu unatokana na hizo za chuma), nyingine imo ndani ya madini yenyewe, na nyingine imo kwenye mabaki ya mimea, nyingi ikiwa fitati, ambayo haiwezi kunyonywa mpaka vimeng'enya viivunje. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi mambo hugeuka: huko kalsiamu ndiyo inayoifunga.

Nataka kujua hapa kwangu imefungwa na nani, na ni njia ipi ya bei nafuu ya kuifungua au kuipitisha pembeni.

Gharama: kipimo na kusafirisha udongo, 45,000.

7 Oktoba 2023: kipimo chetu wenyewe, na bluu isiyotakiwa

Siwezi kulipa 45,000 kila ninapotaka kujua kitu, kwa hiyo tumeanzisha kipimo kwenye maabara ya shule na wanafunzi sita wa kidato cha tatu. Njia ya Bray niliiacha kwa sababu inatumia floridi pamoja na asidi, na sitaki vitu hivyo mikononi mwa watoto. Tumechukua ya Olsen: sodiamu bikaboneti gramu 42 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa, ikisawazishwa hadi pH 8.5. Gramu 2.5 za udongo mkavu uliochekechwa, mililita 50 za bikaboneti, tikisa nusu saa, chuja. Kisha asidi salfuriki kidogo kidogo mpaka povu liishe, amonia molibdeti, na vitamini C. Fosfeti ikiwepo, maji yanageuka bluu, na kolorimita inasoma ukali wa bluu hiyo. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Hilo wanafunzi wangu wanaliimba usingizini.

Vipimo vya kulinganishia tulivitengeneza kwa potasiamu dihidrojeni fosfeti: gramu 0.22 kwa lita moja inatoa miligramu 50 za fosforasi, halafu unapunguza ukali kwa kuongeza maji.

Yaliyoharibika ni mengi, na nayaandika yote kwa sababu hapa ndipo anayeiga atakwama.

Kwanza, chupa isiyo na udongo kabisa iligeuka bluu. Tulirudia mara tatu, bluu ile ile. Tulishuku maji, tukabadilisha, hakuna tofauti. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hizi chupa tumezioshea nini?" Sabuni ya unga. Sabuni za unga nyingine zina fosfeti, na inabaki kwenye kioo hata ukisuuza mara tano. Sasa chupa zote zinalala usiku mzima kwenye asidi hidrokloriki iliyozimuliwa mara kumi, zinasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, na sabuni haisogei meza hiyo.

Pili, maji tuliyochuja kwenye udongo yalikuwa ya rangi ya chai, kwa kuwa bikaboneti huyeyusha mboji pia, na rangi hiyo inaidanganya kolorimita. Vitabu vinasema tumia mkaa kuisafisha. Nilisaga mkaa wa jikoni. Maji yakawa meupe safi, na majibu yakaruka kutoka 4 hadi 19. Mkaa wa miti una majivu, na majivu yana fosfeti. Tuliuchemsha mkaa ule kwenye asidi, tukausuuza, tukaupima peke yake, bado ulitoa bluu. Tukauosha mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne ndipo ulipotulia. Kila mkaa mpya sasa unapimwa peke yake kabla haujagusa sampuli.

Tatu, hatukupata chumvi ya antimoni inayoharakisha rangi. Tulisubiri saa nzima na bluu ilikuwa hafifu. Tumetatua kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto dakika 10, pamoja na vipimo vya kulinganishia, vyote kwa muda sawa. Ukivipasha tofauti, umeharibu kazi.

Udongo wa shamba sasa unatoa miligramu 3 hadi 4 kwa kilo. Mazao mengi huanza kuridhika kwenye 10 hivi kwa njia hii. Udongo wa bustani ya nyuma ya nyumba: 22.

Gharama: kemikali 38,000. Karatasi za chujio 12,000. Siku nne za jioni zilizopotea kwa ajili ya sabuni.

21 Oktoba 2023: udongo unakunywa kiasi gani?

Kipimo hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo, na ni rahisi kuliko cha kwanza. Gramu 5 za udongo, mililita 50 za maji yenye fosforasi miligramu 10 kwa lita (ndani yake kalsiamu kloridi kidogo ili udongo utuame), ikalala usiku kucha ikitikiswa kila tunapopita. Asubuhi tukapima kilichobaki majini.

Mchanga wa mtoni uliacha 9.1. Udongo wa shamba langu uliacha 0.6.

Yaani kilo moja ya udongo huu ilimeza miligramu 94 usiku mmoja na ilikuwa bado haijashiba. Nilipiga hesabu ubaoni mbele ya wanafunzi. Safu ya juu ya sentimita 20 katika hekta moja ina uzito wa kilo milioni mbili hivi. Mara miligramu 94, ni kilo 188 za fosforasi kwa hekta, karibu kilo 75 kwa ekari. Mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni) wa kilo 50 una 46% ya P₂O₅, namna fosforasi inavyoandikwa kwenye mifuko ya mbolea, na P₂O₅ ukiizidisha kwa 0.44 ndipo unapata fosforasi yenyewe: kilo 10. Kwa hiyo mtu akimwaga DAP na kuichanganya na shamba lote, mifuko saba inaweza kumezwa kabla hindi halijaonja vizuri. Darasa lilinyamaza. Wazazi wao wengi humwaga.

Fosfeti haisafiri. Nitreti hufuata maji ya mvua hadi chini, lakini fosfeti husogea milimita chache tu msimu mzima, hasa udongo wa namna hii. Mzizi lazima uifuate ilipo, ama kuvu wanaoishi na mizizi waifuate kwa niaba yake.

Nikapiga hesabu ya shimo. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ina mashimo kama 18,000 kwa ekari. Mfuko mmoja ukigawanywa humo ni gramu 2.8 kila shimo, zaidi kidogo ya nusu kifuniko cha soda. Ndani yake mna miligramu 560 za fosforasi, na udongo unaozigusa hauzidi kilo moja. Huo utakunywa ushibe, na masalio yatamfikia mwenye shimo. Najua udongo hunywa zaidi maji ya fosfeti yanapokuwa makali, kwa hiyo hesabu si kamili, ila mwelekeo wake hauna shaka.

2 Desemba 2023: kupanda, na kosa kubwa la msimu

Vipande sita, kila kimoja mita 10 kwa 10, mbegu chotara moja:

A, bila fosforasi. B, DAP kilo 1.24 imemwagwa na kuchanganywa. C, DAP hiyo hiyo ndani ya mashimo. D, mwamba wa fosfeti wa Minjingu uliosagwa, kilo 5. E, Minjingu kilo 5 pamoja na chokaa kilo 30. F, DAP nusu ndani ya mashimo, na kilo 60 za alizeti pori mbichi (yale majani ya maua ya njano ya kando ya barabara) zilizofukiwa wiki mbili kabla.

Ilibaki kidogo niharibu ulinganisho wote. DAP ina naitrojeni 18%, kwa hiyo C ingeweza kushinda kwa sababu ya naitrojeni na mimi nikaisifu fosforasi. Niliwahi kushtuka usiku wa kuamkia kupanda, tukaongeza yurea gramu 480 kwenye A, D na E, na nusu yake F.

Nilidhani E ndiyo itakayoongoza. Ushauri wa maabara si ulisema chokaa na fosforasi? Nilimwaga vyote siku moja, nikachanganya kwa uangalifu mkubwa. Usiku ule ule nikiandika maandalizi ya somo la mizani ya mmenyuko, kalamu ilisimama. Mwamba wa Minjingu ni apatiti, kalsiamu fosfeti, ulitokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa kale wa Ziwa Manyara, ndiyo maana ni laini kuliko miamba ya volkano. Ili uyeyuke unahitaji vitu viwili: haidrojeni ya uchachu iushambulie, na kalsiamu iwe haba kwenye udongo ili inayotoka ipate pa kwenda. Chokaa inaua uchachu na inajaza kalsiamu. Nimeufunga mwamba kwa mikono yangu miwili.

Siwezi kuchekecha chokaa kutoka kwenye udongo. Nimeamua kipande E kibaki kama kilivyo na kiwe ushahidi.

Gharama: DAP mfuko 72,000. Minjingu mfuko 40,000. Chokaa mfuko 9,000. Mbegu 24,000. Vibarua siku mbili 20,000.

19 Desemba 2023: mbegu zilizoungua C

Karibu robo ya mashimo ya C hayakuota. Nilifukua: mbegu zimekuwa kahawia, zimelala juu ya punje za DAP. Mbolea hiyo ikiyeyuka hutoa amonia, na amonia huua chipukizi. Tuliowapa kazi waliweka mbolea, wakaweka mbegu, wakafukia, wala sikuwaelekeza vinginevyo. Tumepandia upya tukiweka udongo wa vidole viwili kati ya mbolea na mbegu. Yote yameota. F haikuathirika sana, mbolea ilikuwa nusu.

20 Januari 2024: rangi

A ni zambarau yote. B ni zambarau kwa mistari, kama ilivyokuwa miaka yote. C kijani, ukiacha ile iliyopandiwa upya ambayo ni mifupi. D ilikuwa zambarau wiki tatu za kwanza, sasa inafunguka taratibu, majani mapya yanatoka kijani. E bado zambarau. F kijani kibichi kabisa.

Mzee jirani alikuja, akatembea kati ya vipande bila kusema, akarudi tena E. "Hii umeitia vitu vingi kuliko zote," alisema. Nilimweleza kilichotokea. Akaniambia yeye humwaga chokaa na mbolea siku moja kila akipata fedha.

27 Julai 2024: mavuno ya kwanza

Kilo za mahindi makavu kwa kila kipande: A 11, B 17, C 34, D 27, E 15, F 38.

Mfuko ule ule wa DAP, umemwagwa au umetiwa shimoni, unatofautiana mara mbili. C ingeenda juu zaidi kama si mbegu zilizoungua. F imenishangaza, kwa kuwa alizeti pori yote ile ilileta fosforasi gramu 40 hivi, kidogo sana. Naamini faida yake ni mbili: majani yakioza hutoa asidi zinazokalia zile nafasi za chuma na alumini kabla fosfeti haijafika, na vijidudu huishika fosforasi mwilini mwao na kuiachia baadaye, badala ya kuiacha ing'ang'anie chuma. Tena imeleta potasiamu na naitrojeni, kwa hiyo sifa zote si za fosforasi.

Udhaifu wa kazi hii: kila njia ilikuwa na kipande kimoja tu.

16 Septemba 2024: majibu yasiyoaminika

Nilituma maabara udongo wa A, D na E baada ya mavuno. Bray: A 3, D 41, E 58. Kwa karatasi ile, E ndicho kipande chenye fosforasi nyingi kuliko vyote, na ushauri ukaandikwa kuwa hakihitaji mbolea. Kipande kilichotoa kilo 15!

Kipimo chetu cha bikaboneti: A 3, D 6, E 4.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Maji ya Bray ni machachu. Yakikutana na punje za Minjingu ambazo hazijayeyuka, yanaziyeyusha ndani ya chupa, na maabara inahesabu kama chakula cha mmea kitu ambacho mmea haujakigusa. Kadiri mwamba ulivyoshindwa kuyeyuka shambani, ndivyo Bray inavyosoma juu, na E iliongoza kwa sababu hiyo. Bikaboneti yenye pH 8.5 haiung'ati mwamba, kwa hiyo iko karibu zaidi na ukweli hapa, ingawa nayo hukadiria chini. Ukitumia Minjingu, iambie maabara kabla hawajapima. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Gharama: vipimo vitatu, 120,000. Hii ndiyo fedha inayoniuma kuliko zote, ila bila hiyo nisingejua.

30 Novemba 2024: msimu wa pili

D na E hazipewi fosforasi mpya wala chokaa mpya, nione kilichosalia. A, B, C na F zinarudiwa. Nimeongeza vipande viwili viwili vya C na F upande wa pili wa shamba. Mbolea na mbegu sasa vina udongo katikati, na nimesimama mwenyewe mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Nilijaribu pia mbaazi kwenye kona. Mizizi yake hutoa asidi ya pisidiki inayoweza kuing'oa fosforasi kwenye chuma, jambo ambalo mahindi hayaliwezi. Nilikuwa na matumaini makubwa nazo.

4 Juni 2025

Mbaazi zimestawi hadi kiunoni, zikatoa maua, baridi ya Mei ikayaangusha yote. Kwa mwinuko huu hapana. Aliye chini, Kilosa au Babati, azijaribu kabla ya mahindi.

3 Agosti 2025: mavuno ya pili

A 10, B 16, D 24, E 19. C vipande vitatu: 30, 36, 33. F vipande vitatu: 37, 35, 41.

D imeendelea kulisha bila kuongezewa kitu. E imeanza kupanda, kwa kuwa chokaa inaisha nguvu na mwamba unaanza kuguswa. pH yake imeshuka kutoka 6.1 hadi 5.7.

Fedha, kwa misimu miwili, nikiondoa kile ambacho A ilitoa bila mbolea: C imeongeza kilo 46 kwa DAP ya shilingi 3,570. D imeongeza kilo 30 kwa Minjingu ya 4,000, na bado ina akiba ardhini. F imeongeza kilo 55 kwa DAP ya 1,785, lakini kukata na kubeba zile kilo 60 kulituchukua watu wawili saa moja na nusu kila msimu. Kwa ekari nzima ni karibu tani mbili na nusu za majani, siku 20 za kibarua. Kwa 5,000 kwa siku ni laki moja. Hailipi kwa uhakika shamba zima. Nitaifanya kwenye robo ekari iliyo jirani na barabara, majani yanapoota, na kwenye mboga.

17 Agosti 2025

Nimeanza kipande kipya, G: Minjingu imefukiwa sasa, kwenye uchachu wake, miezi mitatu kabla ya kupanda. Chokaa itafuata baada ya msimu mzima kupita. Mzee jirani ameniomba nimpimie udongo wake, na ameniletea wa kila pembe ya shamba lake kwenye mifuko minne. Miwili ina majivu, nimemrudishia achukue upya. Mingine imeanikwa kwenye gazeti dirishani mwa maabara, tutaipima Jumatano.